Nusu ya Mshahara wa Winchi

Benchi lile liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, mkabala na geti la bohari, na mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Kila saa tano asubuhi hukaliwa na wale wale: Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kwake kuhukumu; Kinyozi, ambaye wateja humkimbia; na Winchi, anayeendesha mtambo wa kunyanyulia mizigo humo bohari. Siku hiyo Winchi hakugusa kahawa yake. Mapajani alikuwa na karatasi mbili: nakala ya barua ya mahakama inayomtaka mwajiri amkate mshahara kwa matunzo ya mtoto ambayo hakuyatoa kwa miaka mitatu, na fomu ya mkopo wa chama cha akiba cha wafanyakazi, bado haina saini. Saa sita mhasibu anafunga orodha ya mishahara. Winchi aliogopa, na woga ndio uliomfanya amsikilize Jaji.

— Sheria ina mpaka, alisema Jaji. Hawakukati zaidi ya nusu. Lazima ubaki na cha kula.

— Nusu ya nini, mzee? aliuliza Winchi. Kabla ya kodi au baada?

— Nusu ni nusu. Wewe chukua mkopo mnono, chama kiwahi hiyo nusu. Barua ya mahakama ikifika kwa mhasibu, inakuta nafasi imejaa.

— Na kama mtoto anatangulizwa mbele ya chama? aliuliza Kinyozi.

— Nimebeba mafaili ya kesi miaka ishirini na miwili.

— Ulikuwa unayasoma?

— Nilikuwa nayabeba. Unadhani uzito wake ulikuwa wa nini?

Winchi hakucheka. Alitazama saa ya simu yake: sita kasorobo.

— Mimi naona aoe mwingine, alisema Kinyozi. Wategemezi wakiongezeka, makato yanapungua.

— Aoe kwa nusu ipi? aliuliza fundi bila kuinua kichwa.

— Basi bosi amlipe kwa saruji. Hakimu atakata mfuko katikati?

— Nyie mnacheza, alisema Winchi. Nina kodi ya nyumba, nina mama anaumwa. Wakinikata nusu nalala wapi?

— Ndiyo maana nakwambia tia saini, mwanangu.

Jaji alimpa kalamu. Winchi aliilaza fomu juu ya goti, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Mama mmoja, mgeni pale kijiweni, alikuwa amesimama muda wote huo akisubiri viatu vya shule vya mwanawe. Fundi alipompa, alivigeuza, akatazama soli mpya.

— Umekaa navyo mwezi mzima, fundi. Wangu keshavipita.

Kisha akamgeukia Winchi, kwa upole kabisa:

— Baba, samahani, nimesikia una mtoto. Hivi bado vizima. Wa kwako anavaa namba ngapi?

Winchi aliinua mkono, akatanua kidole gumba na kidole cha kati, kama alivyowahi kumpimia yule mtoto mguu dukani. Akautazama ule upana. Ulikuwa mguu wa mtoto wa miaka minne, na mwanawe sasa alikuwa na saba.

Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Jaji, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alichungulia ndani ya kikombe. Kinyozi alifuta benchi kwa kiganja, sehemu ambayo haikuwa na vumbi.

— Namba ngapi, baba? aliuliza tena yule mama, akidhani hakusikika.

Winchi alimrudishia Jaji kalamu yake, akachukua simu. Namba ya mama wa mtoto ilikuwa bado imo. Akaipiga, simu ikaanza kuita, na wote pale benchini wakasogea kusikiliza kama itapokelewa.