Noeline na Maji Moto ya Port Hallam

Bi. Noeline Pascoe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 14 Julai, baada ya miaka thelathini na nane katika Idara ya Umeme ya Jiji. Muda wote huo kazi yake ilikuwa moja tu: kuwakatia wenyeji wa Port Hallam maji moto. Na bado walimpenda, jambo ambalo sisi wa kitengo cha bili hatujalielewa mpaka leo.

Jiji lilijijengea mitambo yake ya umeme mtoni enzi za babu zetu. Mitambo ni midogo, baridi yetu si ndogo. Jioni kila nyumba ikiwasha jiko la umeme, lazima kitu kizimwe, na kinachozimwa ni matangi ya majumbani yanayopasha maji moto kwa umeme, kwa swichi zilizo mezani kwa Noeline. Mwenye shida humpigia simu. Mama mwenye mtoto mchanga alirudishiwa, na mtaa wake mzima ukaoga kwa bahati yake. Mkuu wetu wa idara alipopiga, aliambiwa avumilie.

Miaka sita iliyopita, Meya Tuckett alitaka kuiuza idara kwa kampuni ya mbali. Sisi wasomi tukaandaa hotuba na michoro ya kumpinga. Wananchi wakajaa ukumbini kupiga kura jioni moja ya baridi kali, na Noeline, kama kawaida yake, akakata. Alisahau kwamba birika kubwa la ukumbi liko kwenye laini ileile ya matangi. Ukumbi mzima, skonzi tele, chai hakuna! Hapa kwetu huo si mkutano, ni msiba. Meya alifurahi kupita kiasi. Akasimama akasema uzembe wenyewe ndio huo, mmejionea.

Bi. Ivy Rangihuna, mjane wa mtaa wa juu, akajikongoja hadi kwenye simu ya ukutani.

“Noeline mwanangu, makoo yametukauka huku ukumbini. Turudishie kidogo.”

Birika likaanza kuunguruma. Bi. Ivy akamgeukia meya.

“Haya, bwana meya. Ukishauza, mimi nitampigia nani?”

Watu walipiga kura vikombe mkononi, na idara ikabaki mali ya jiji. Hotuba zetu hazikusomwa. Michoro ilitumika kufunikia skonzi.

Kuanzia Jumatatu swichi zitaendeshwa na mashine, tuliyoinunua wenyewe, bila kulazimishwa na kampuni yoyote. Tumeambiwa haichoki wala haina upendeleo. Ni kweli kabisa. Juzi tuliijaribu tukiwa kwenye maandalizi ya sherehe hii ya kumuaga, birika likapoa, tukapiga simu. Iliita mpaka ikakatika.

Noeline, asante sana. Tutakukosa, na hili si utani. Tunakuombea afya, furaha, na maji moto saa yoyote uitakayo. Ila namba yako ya nyumbani tafadhali usiibadilishe. Tumeshampa Bi. Ivy.