Kiti Ndicho, Mwenyewe Yuko Wapi?

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa chumba ambacho juzijuzi kilikuwa saluni ya kinyozi na sasa kinauza ndoo. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka karibu na mabati. Shangazi, muuza kahawa, alipuliza mkaa hadi machozi yakamtoka. Wakili, ambaye hajasomea sheria ila hajawahi kukubali kushindwa, alikaa mwisho wa ubao. Fundi Viatu alikaa kwenye kiti cha kuzunguka alichonunua kwa kinyozi, kile kilichochanika mkono wa kulia. Na kinyozi mwenyewe, Wembe, alikuwa katikati yetu, bado na shati jeupe alilovaa jana kwenda ubalozini. Aliomba ile viza ya vijana, inayomruhusu mtu kutembea nchi ya watu huku akifanya kazi. Ukitimiza miaka thelathini na moja, hupewi tena. Wembe anatimiza mwezi ujao, na jana walimnyima.

Shangazi: Kunywa, mwanangu. Leo ni nyepesi, lakini ya moto.

Wembe: Asante, Shangazi.

Fundi Viatu: Mimi nasema ni viatu. Viling'aa mno. Yule bwana akaviona, akajisemea, huyu kavaa vya kwenda, havina sura ya kurudi.

Wembe: Uliving'arisha wewe.

Fundi Viatu: Kwa nia njema.

Shangazi: Mtu yuko nyuma ya dirisha, viatu ataviona wapi? Ni picha ile. Mtoto kanuna kama aliyenyimwa urithi.

Wembe: Walikataza kucheka.

Shangazi: Walikataza kucheka, hawakukataza kupendeza.

Wakili alikohoa. Wakili akikohoa, sisi hushika vikombe vizuri.

Wakili: Ni vidole. Kinyozi anashika spiriti na poda miaka nenda, miaka rudi, alama za vidole zinafutika. Mashine imemgusa, ikaona mtu laini kama sahani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Fundi Viatu: Kovu limeingiaje hapo?

Wakili: Limeingia. Wewe shona.

Tulicheka kidogo, kicheko cha kusogeza muda. Wembe hakucheka.

Wakili: Tusimlilie aliye hai. Iko viza ya masomo. Ile haiulizi mvi.

Wembe: Nikasome nini?

Wakili: Lugha yao.

Wembe: Naijua, Wakili. Jana nimeulizwa kwa lugha hiyo, nikajibu kwa lugha hiyo.

Wakili: Basi isahau.

Shangazi: Iko ya kutunza wazee. Nasikia huko mzee anaweza kushinda na kulala bila mtu wa kumchana nywele.

Wembe: Wanataka cheti.

Shangazi: Cheti cha kumshika mzee mkono?

Wembe: Ndiyo, Shangazi.

Fundi Viatu: Na ile ya kuchuma matunda? Msimu ukiisha, unarudi na chako.

Wembe: Lazima mwenye shamba akuite kwa jina. Nani kule analijua jina langu? Hata hapa mnaniita Wembe.

Wakili hapendi kimya. Humwingia kama baridi.

Wakili: Basi tusihangaike na viza ya mtu mmoja mmoja. Nchi yoyote itakayotangaza mashindano ya kuvuta kamba, tunaunda timu. Tunapewa viza kwa mkupuo. Tukifika tunavutwa, tunaangukia upande wao, na hatuamki.

Fundi Viatu: Wewe na kifua hicho?

Wakili: Ndiyo maana tutashindwa upesi. Halafu hawa watu wanashangaza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa wao wanaumwa nini hata hawataki kupona?

Shangazi hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Wembe.

Shangazi: Mwanangu, hujatuambia. Walikuuliza nini hasa?

Wembe alikizungusha kikombe, akatazama ndani.

Wembe: Mengi. Lakini la maana lilikuwa moja. Nina nini huku cha kunirudisha.

Shangazi: Ukajibu?

Wembe: Nikasema nilikuwa na saluni. Akasema, ulikuwa? Nikamwambia nimefunga, nimeuza kiti, mashine, hadi kioo. Nikasema kwa fahari kabisa, kama nilivyofundishwa. Akanishukuru, akamwita mwingine.

Hakuna aliyemtazama Wakili, na kwa kutomtazama tulimtazama sana. Ni yeye, kwenye ubao huu huu, aliyesema viza hapewi mtu mwenye mioyo miwili. Asiyekuwepo na lake halipo, alisema. Basi ondoa lako kwanza, na kutokuwepo kutafuata kwenyewe. Tulitikisa vichwa sote. Tulisema kinyozi mwenye kiti cha kuzunguka ataonekana ameshiba. Jioni ile ile Fundi Viatu alikuja na mkokoteni.

Wakili: Nilisema kwa ujumla.

Wembe: Najua, Wakili.

Fundi Viatu aliinamia soli yake. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wembe, yakatoka machicha.

Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, mwavuli mkono mmoja, mkono wa pili amemshika mzee kwenye kiwiko. Macho ya mzee yalikuwa na ukungu, ndevu zimemea ovyo hadi shingoni.

— Hamjambo jamani. Namtafuta kinyozi wa hapa. Baba mkwe wangu hakubali mkono mwingine umguse. Nimempeleka kwa kila mtu, anafunika kidevu.

Fundi Viatu aliinuka kabla hajaombwa, akampisha mzee. Mzee alikaa. Kiganja chake kikatambaa juu ya mkono wa kiti, kikafika pale palipochanika, na kidole kikaingia humo kama kinachorudi nyumbani. Uso ukalegea. Akainua kidevu, akafumba macho.

— Kiti ndicho, alisema. Mwenyewe yuko wapi?

Fundi Viatu alimtazama Wakili. Wakili alitazama mawingu. Shangazi alishika birika tupu kana kwamba lina la kusema.

Wembe alikuwa mbele yake kabisa, magoti yao yakikaribia kugusana. Mikono aliiweka mapajani, viganja juu, havina kitu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga mabati, kisha yakafika kwenye shingo ya mzee. Hakuyafuta. Aliendelea kungoja, kidevu juu.