Etajeri ya Majina Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, kama mnapika, punguzeni moto msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Papa Eugène Kalenga, fundi mbao wa Likasi, hapa Katanga. Alizikwa Jumamosi. Alizikwa bila fanfari, ile bendi ya matarumbeta. Tutaeleza kwa nini, na hatutapunguza sauti.

Mwaka 1991 fanfari ya parokia yake ilikuwa na vyombo kumi na tisa. Masanduku ya vyombo yalilazwa sakafuni. Mchwa waliyala kutoka chini, mvua ikayaozesha kutoka juu. Kiwandani kazi ilikuwa imekufa, na Papa Eugène alikuwa na mikono mizima isiyo na pa kushika. Akaokota mbao za makreti yaliyoleta mashine kutoka Ulaya, atengeneze etajeri, rafu ya kuwekea masanduku hayo. Akapima kila sanduku kwa kamba. Tuba chini, tarumbeta juu. Kila nafasi aliiinamisha nyuma kidogo ili sanduku lisiteleze. Miguu ya etajeri akaisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu, mchwa wasipande. Na chini ya kila nafasi akachoma jina la mpigaji kwa msumari wa moto. Majina kumi na tisa. Ya Katanga na ya Kasai, yamechanganyika kama walivyoketi mazoezini.

Mjane wake, Mama Mathilde, anacheka kidogo akikumbuka: "Alikuwa anasema, minye siwezi kupiga hata filimbi, lakini bila minye bale bantu iko makelele tu."

Mnajua kilichofuata. Mwaka uliofuata majirani wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, waliofanya kazi hapa, waliambiwa na wakubwa wa jimbo warudi Kasai, mahali ambapo wengi wao walikuwa hawajawahi kupaona. Wakalala stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni. Kati ya majina kumi na tisa, kumi na moja yalikuwa stesheni. Mmoja wao alikuwa rafiki yake, Doudou Kabeya, mpiga tarumbeta.

Ndipo mkuu wa fanfari alipomletea randa.

"Papa Eugène, futa majina ya bale bantu. Bapya banataka nafasi."

"Nafasi iko. Jina inabasumbua nini?"

"Weye iko na watoto. Fikiri."

Akafikiri. Wasikilizaji wapendwa, tuseme ukweli wote: alifuta jina moja. La Doudou, kwa sababu lilikuwa la kwanza. Randa ilipita mara tatu, ubao ukawa mweupe. Kwa jina la pili mikono ikagoma.

Akaenda stesheni. Alimkuta Doudou chini ya turubai, akimpepea mkewe mwenye homa. Akamweleza alichofanya.

"Nyumba balikamata," Doudou alisema. "Vitanda balikamata. Sasa hata weye, Eugène?" Akaendelea kumpepea mkewe. "Rudia uandike. Na uandike muzuri. Ile K yako ilikuwa kama muguu ya kuku."

Alirudi siku ile ile. Akalichoma jina upya, ndani ya bonde lililoachwa na randa, kwa kina zaidi. Kesho yake walimnyang'anya ufunguo wa ukumbi wa mazoezi, ilimokaa etajeri. Kwa miaka mitano hakuingia tena. Doudou alichukuliwa na treni, na hadi leo hakuna habari yake.

Wiki iliyopita mkuu yule yule alifika matangani, kofia mkononi. Akasema fanfari itapiga makaburini. Mama Mathilde alimjibu bila kuinuka: "Bapige kwanza bale benye majina yao alichoma."

"Mama, bale habako tena."

"Basi ngoja. Sisi pia tunangoja."

Jumamosi wapigaji walikwenda. Waliweka masanduku kwenye majani, yamefungwa, wakasimama nyuma yake. Kilichosikika ni koleo tu.

Wewe uliyeleta randa, hatukutaji. Unajijua, na Likasi inakujua.

Pole, Mama Mathilde. Poleni, watoto wa Papa Eugène. Pole, Doudou, popote ulipo. Na sisi wengine tutazame nyumba tunamolala na viti tunavyokalia. Vilikuwa vya nani? Kama unalijua jina, litaje sasa, mbele ya watoto wako. Redio itanyamaza dakika moja, ulitaje.