Zote Tangu 2016

ITAGEGN: Haloo? Nani mwenzangu?

YARED: Mimi, shangazi! Yared, wa Stuttgart. Shikamoo.

ITAGEGN: Marahaba, baba. Umeamkaje? Na baridi ya huko—

YARED: Ipo tu. Nyumbani Dessie hamjambo? Miguu je?

ITAGEGN: Mungu ashukuriwe, ipo yote miwili. Sema upesi, kahawa iko motoni na jirani yangu Mulu ameshakaa.

YARED: Nimemaliza zile barua taka zako.

ITAGEGN: Zote?

YARED: Elfu arobaini na moja! Dawa za kunenepa, dawa za kukonda, mawigi, bahati nasibu ulizoshinda bila kucheza. Shangazi, kumbe wewe tajiri na hutuambii!

ITAGEGN: [anacheka kidogo] Zilikuwa zinaingia kama nzi.

YARED: Kikasha cha barua pepe kilikuwa kimejaa pomoni, hakipokei tena. Nimefuta, kisha nikamwaga na pipa la taka lenyewe, nafasi ipatikane. Sasa cheupe.

ITAGEGN: Ubarikiwe.

YARED: Ila zilikoanzia nimepajua. Anwani yako umeibandika wazi kwenye kurasa za mtandaoni za watu wa Beirut. Kurasa kumi na tatu! Matapeli wanapita humo wanaokota tu.

ITAGEGN: Niliiweka ili anayemjua Meklit aniandikie.

YARED: Najua, lakini—

ITAGEGN: Mwanangu yuko kazini huko, hajasema neno mwaka wa tatu huu. Ningeiandika wapi, mlangoni kwangu?

[mtandao unakwaruza]

YARED: ...nakusikia, nakusikia. Basi nimekuwekea kizuizi. Mtu usiyemjua akiandika, barua yake inatupwa yenyewe. Hutasumbuliwa tena.

ITAGEGN: Haya. Ila barua za Meklit, zile za zamani, sizioni.

YARED: Shuka chini kabisa.

ITAGEGN: Chini wapi? Hapa pana ukurasa mtupu. Leo Jumapili, kwenye kikombe cha tatu cha kahawa huwa namsomea Mulu moja. Leo zamu ya ile ya paka wa tajiri wake, yule mwenye daktari wake mwenyewe.

YARED: Ngoja. Si uliniambia nifute zote tangu 2016?

ITAGEGN: Ndiyo. Uchafu ulianza mwezi wa Meskerem, 2016. Meklit alinyamaza 2014. Zake hazimo.

YARED: Shangazi. 2016 ya huko?

ITAGEGN: Kwani kuna nyingine?

YARED: Ya huku. Mwaka wa kalenda yenu uko nyuma ya wa huku miaka saba, nane. Hiyo 2016 yako huku ni juzi tu. Mimi... mimi nimefuta tangu 2016 ya huku. Hata kabla hajapanda ndege.

ITAGEGN: Aa.

YARED: Miaka kumi na tisa niko huku, shangazi. Haikunijia kabisa. Mimi mtoto wa Dessie, haikunijia!

[vikombe vinagongana]

YARED: Haloo? Upo?

ITAGEGN: Nipo. Kwenye pipa je?

YARED: Nimelimwaga.

ITAGEGN: Na kule kwake, alikotumia?

YARED: Zitakuwepo. Lakini paswedi anayo mwenyewe.

ITAGEGN: Basi mpaka yeye.

YARED: Shangazi, nitukane. Piga kelele, sema chochote—

ITAGEGN: Nikutukane ndiyo zirudi? Umekula?

YARED: [analia] Sijala.

ITAGEGN: Kula. Mulu! Epua hiyo, inafurika! ...Yared.

YARED: Naam.

ITAGEGN: Hicho kizuizi. Mtu wa Beirut, nisiyemjua, akiniandikia leo?

YARED: Inatupwa.

ITAGEGN: Siioni?

YARED: Huioni.

ITAGEGN: Kiondoe.

YARED: Lakini ule uchafu utarudi wote! Wiki mbili tu kikasha kimejaa tena—

ITAGEGN: Nitakuwa nafuta mwenyewe. Moja moja, kwa kidole changu. Na zile kurasa usiziguse.

[vitufe vinabofywa]

YARED: Nimekiondoa.

ITAGEGN: Haya. Wananiita, kikombe cha tatu hiki.

YARED: Sasa Mulu utamsomea nini?

ITAGEGN: Mulu hajui kusoma. Nitashika simu, nitamsomea ya paka. Naijua.

YARED: Shangazi, niko humu kikashani bado... imeingia moja.

ITAGEGN: Ya nani?

YARED: Ya wigi. Niifute?

ITAGEGN: Iache.

YARED: Ya wigi, shangazi.

ITAGEGN: Nimesikia. Iache hapo. Ikipita hiyo, na nyingine itapita. Haya, chaji inaniishia, wasali—

[simu imekatika]