Walimla Kuku Wetu, Wakaandika Bibi Anajiweza

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mnisamehe nasoma kwenye daftari langu. Nikiwatazama machoni, sauti inapotea. Mimi ni Editha, niko kidato cha pili. Naishi hapa Murusagamba na Bibi yangu, ambaye miguu yake ilikufa ganzi zamani na sasa anatembea kwa kujivuta kwa mikono.

Mnajua hali zetu tangu wakimbizi waingie kutoka ng'ambo ya mpaka. Kuni ziko mbali, na mihogo inang'olewa shambani kabla haijakomaa. Basi ikatangazwa kwamba serikali itawapa mahindi na blanketi wazee na walemavu wasiojiweza, ila lazima kwanza kamati ipite nyumba kwa nyumba kuangalia hali ya kila mmoja.

Ndugu zangu, Bibi aliposikia wageni wanakuja, alifanya anavyofanya kila mtu wa hapa. Akanituma kuazima viti vinne na sufuria kubwa kwa jirani yetu, Mama Jeneroza. Nikatandika majani mabichi sakafuni. Akavaa kitenge chake cha Pasaka, akaketi kitini kabla hawajafika, kitenge kimefunika miguu. Halafu akaamuru kuku achinjwe, na tulikuwa na huyo mmoja tu.

Kamati ikaja, watu watatu, wakiongozwa na mtendaji wa kijiji. Nikawanawisha mikono, wakala. Mtendaji akamtania Bibi kwamba nyumba yake inaishinda ya katekista, na Bibi akacheka kwa furaha. Mimi nikaiona kalamu ikiandika: anajiweza. Nililiona neno hilo, nikanyamaza!

Orodha iliposomwa, jina lake halikuwemo. Nilikasirika, ndugu zangu. Niliwachukia wale watu waliotafuna hadi mifupa. Bibi naye nilimkasirikia, nikamuuliza kwa nini hakuwaonyesha shida yetu.

"Sasa wageni wangu ningewapa nini, Editha? Majivu?"

Hata Mungu nilimkasirikia. Wiki mbili sikusali. Lakini kwenye daftari hili niliandika kila siku kwamba mwoga ni mimi.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nilikaa nyuma kabisa, nikaomba maneno mawili tu: Bwana, nisimamishe. Nikajikuta nimesimama.

"Shikamooni," nikasema. "Kuku mliyemla kwa Bibi alikuwa wa mwisho. Viti tuliazima."

Mtendaji akauliza, "Nani amekutuma, binti?"

"Hakuna. Ni mimi niliyewanawisha mikono."

Mama Jeneroza akainuka. "Viti ni vyangu. Sufuria pia yangu, na nimesugua masizi siku mbili kwa ajili ya matumbo yenu."

Watu wakacheka. Mtendaji akainamisha kichwa. Kesho yake kamati ikarudi bila taarifa, ikamkuta Bibi amelalia tumbo shambani, anapalilia maharage. Jina likaandikwa hapo hapo. Leo blanketi analo.

Bado nina hasira, siwafichi. Kwa nini mzee aonekane matopeni ndipo aaminike? Ila woga wangu Bwana ameuondoa, na ninamshukuru mbele yenu. Wewe ambaye mzee wako ameachwa kwa sababu alipokea wageni vizuri, mtegemee Bwana, usinyamaze. Nimeandika majina sita ya wazee wa kitongoji chetu. Jumatatu nikitoka shule nayapeleka ofisini kwa mtendaji. Nisindikizeni.