Neno la Siri la Jumatatu

Mkunga aliyetoka zamu aliegemea dirisha la basi, macho kayafumba, masikio kayaacha wazi. Kiti cha mbele yake, mshona nguo alikuwa akimsimulia mwashi aliyejuana naye kituoni dakika kumi zilizopita.

“Kwetu tuna simu tatu. Nafungua orodha ya waliounganishwa kwenye waifai, naona nne. Nikabadilisha neno la siri, nikanyamaza. Atakayelalamika ndiye huyo.”

“Nani akajitokeza?”

“Mama mkwe. Yule aliyeapa hatashika simu ya kupangusa mpaka anaingia kaburini. Kaja kuniambia nyumba siku hizi imepoa.”

Mwashi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. “Usimpe mpaka aombe radhi.”

“Nimempa. Ila neno jipya aliliandika mwenyewe, herufi kwa herufi: mkwewanguhanamfano. Na kila Jumatatu nabadilisha. Lililofuata lilikuwa mchuziwakemtamu.”

Mkunga, ambaye naye ni mama mkwe wa watu, alikohoa.

“Huko ni kumtesa mtu mzima,” mwashi alisema.

“Kumtesa? Jumatatu hii nilisahau, akanifuata jikoni kunikumbusha. Na maneno kayachagua yeye.”

“Maneno gani?”

Basi likasimama. Mshona nguo alikusanya vitambaa vyake akateremka huku anajibu, mwashi nyuma yake kama mkia. Hicho hakikuwa kituo cha mkunga, lakini naye aliteremka.