Kidole Gumba cha Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mliopata viti na mliosimama, poleni. Historia hii imeandikwa na binti wa marehemu, na inasomwa na dada mkubwa wa marehemu, ambaye kwenye kikao cha familia alisema yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye msemaji, na kwamba hana haja ya kuipitia karatasi kabla, kwa kuwa maisha ya mdogo wake anayajua kwa kichwa. Basi anaombwa asome taratibu, asiruke mstari, na yeyote atakayepitwa na neno, nakala ishirini ziko kwa karani wa masjala aliyekaa safu ya nyuma.

Marehemu, ambaye ninyi nyote mlimwita Bafta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, saa kumi na moja alfajiri, wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama mshona mito na baba dereva wa lori, aliyeaga kwamba anakwenda safari ya siku tatu na mpaka leo anasubiriwa. Jina la Bafta alipewa na mkunga, ambaye alipomfuta mikono aliisogeza kwenye taa, akamwita mwenzake aje aone, kwa kuwa vile vidole havikuwa na mstari hata mmoja, laini tupu, kama kitambaa cha bafta kilichotoka dukani leo. Mama yake hakushtuka, maana vyake vilikuwa vivyo hivyo, lakini enzi zake mtu alichovya kidole kwenye wino, akaacha doa, karani akasema asante, na lile doa hakuna aliyelitazama mara ya pili.

Alianza darasa la kwanza Januari 1986, shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, na huko ndiko alikogundua kwamba mwili wake haukujua kutoa jasho, wenzake wakikimbia wanalowa, yeye anakauka na kuwaka, hadi mwalimu wa michezo akamwita mwigizaji, akamzungusha uwanja mara kumi ili auone mwisho wa maigizo, na mwisho ukawa Bafta kuanguka kifudifudi mbele ya shule nzima, nayo shule nzima ikacheka. Haki isemwe: aliyemwokota siku ile ni dada yake, wakati huo akisoma sekondari ya jirani, aliyembeba mgongoni hadi bombani, akamlowesha nguo zote, na tangu siku hiyo akawa anakuja kila mapumziko kummwagia maji. Mama yao alipofariki, tarehe 30 Agosti 1987, dada alikuwa na miaka kumi na saba, akaacha shule, akamlea mdogo wake kwa kufua nguo za watu, na hilo hakuna atakayemnyang'anya. Msomaji anaweza kuinua kichwa sasa awatazame watu, kwa sababu sehemu yake nzuri inaishia hapa.

Bafta alimaliza kidato cha nne mwaka 1996, na tarehe 1 Julai 1999 akaajiriwa masjala ya Idara ya Maji, ghorofa ya chini, chumba cha pili kushoto, kutunza majalada, ambako dada yake alikuwa tayari ni mwandaa chai, na ndiye aliyemshika mkono hadi kwa mkuu wa utumishi, jambo ambalo hakupitisha mwezi bila kulikumbusha. Karatasi zilimteleza mikononi, akawa na sifongo yake ya maji mezani, lakini jalada lolote, hata la bomba lililopasuka miaka ishirini iliyopita, alikuletea kabla hujamaliza kulitaja.

Tarehe 14 Desemba 2002 alifunga ndoa na fundi saa wa kibanda cha pembeni mwa posta, mwanaume mpole, mcheshi, aliyesema amemwoa kwa sababu ni mtu pekee duniani anayeweza kushika kioo cha saa bila kukiacha na alama. Walijaliwa mtoto mmoja, huyu binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2005, na baba mtu alipomwona tu alichukua lenzi yake ya kazini, akavikagua vidole kimoja kimoja, akacheka, akamwambia mkewe, "Haya, mmeshakuwa wawili." Fundi saa alifariki tarehe 19 Oktoba 2010 kwa homa ya siku nne, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumtania Bafta kwa mapenzi, walibaki wa kumtania kwa namna nyingine.

Tarehe 3 Februari 2014 ofisi ilileta mashine ya mahudhurio, ile ya kuweka kidole mlangoni, na siku ya kuandikishana Bafta alijaribu vidole vyote kumi, mashine ikavikataa vyote, jioni ikaingia, na yule fundi wa mashine, amechoka, anataka kwenda kwao, akasema, "Nileteeni kidole chochote cha mtu aliye hai." Dada akatoa chake. Gumba la kulia likaandikwa kuwa yeye, gumba la kushoto likaandikwa kuwa Bafta, wote wakacheka, wakaenda nyumbani, na baadaye kadi ya matibabu ya watumishi nayo ikafuata alama zile zile, kwa hiyo tangu siku hiyo Bafta hakuweza kuingia kazini wala kutibiwa bila mkono wa dada yake.

Aliona aibu, akaenda hospitali ya ngozi, na tarehe 17 Aprili 2014 daktari akamwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba katika ngozi ya kila binadamu, na hata ndani ya mdomo, kuna protini iitwayo keratini, ziko namba nyingi, na ile ya kumi na nne ndiyo nyuzi zinazoshikilia tabaka la chini la ngozi lisipasuke, na ya kwake ilikuwa na kosa moja dogo la kurithi, ambalo ndilo lililofuta mistari ya vidole, likamnyima jasho, likamng'oa meno ya mbele kabla hajatimiza miaka thelathini. Bafta alilia kwa furaha, maana kumbe hakuwa mwigizaji. Daktari akaandika barua kwa mwajiri, mistari mitano, kwamba mhusika hana alama za vidole tangu kuzaliwa, aandikishwe kwa picha ya uso, asiwekwe mahali penye joto kali, akagonga muhuri. Dada, aliyemsindikiza, akasema, "Lete niipeleke mimi, mkuu wa utumishi ananisikiliza." Siku ya tatu akaleta jibu: "Wamekataa. Wanataka kidole, hawataki karatasi."

Msomaji anaombwa anywe maji kidogo, kisha aendelee.

Kwa miaka kumi na miezi kadhaa, kila asubuhi, saa moja na dakika ishirini na tano, Bafta alisimama kwenye ule mlango akiwa amemshikia dada yake mkoba, akimsubiri, na dada akifika hakuwa na haraka, atapangusa viatu, atasalimia kila mtu, atabonyeza kulia, kisha atarudi nyuma kidogo na kusema, "Haya, omba vizuri," na mdogo wake, mama wa mtu, mtumishi wa miaka mingi, ataomba vizuri, na watu watacheka. Baadhi ya waliocheka wako hapa, wamevaa nyeusi. Nguo za dada zilifuliwa na Bafta, nyumba ya dada ilidekiwa na Bafta kila Jumamosi, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa na dada, "Nilimlea huyu, nani kama mimi."

Januari mwaka huu dada, ambaye hakujaliwa mtoto, alitaka binti aache mpango wa kwenda chuo cha ufundi, ahamie kwake amtunze, na Bafta, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akamwambia, "Hapana, dada. Huyu hapana." Kuanzia tarehe 20 Januari dada akawa anabonyeza kulia tu, kisha huyo, kwenye chai yake. Bafta alikuwa anaketi mezani pake kutwa nzima, na mashine inasema hayupo, mkuu wa utumishi akamwandikia barua ya utoro na kumkabidhi hapo hapo kitini, kisha akamhamishia ghala la majalada ya zamani, uani, bati juu, dirisha hamna.

Tarehe 11 Februari 2025, saa sita na robo mchana, karani mwenzake alimkuta sakafuni, mkavu kama kuni, akamkimbiza hospitali pamoja na mlinzi. Mapokezi wakaomba kidole. Wakavijaribu vyake, mashine ikasema hatambuliki, wakampigia dada simu, naye akajibu kwamba ana wageni kumi na wawili ukumbini, amalize chai kwanza, na Bafta asubiri, si amejua kusema hapana. Alifika baada ya saa moja na dakika arobaini. Akaweka gumba la kushoto, taa ikawaka kijani, ikaandika karibu, na Bafta, aliyekuwa amelazwa kwenye benchi umbali wa hatua tano, alikuwa ameshafariki dakika ishirini kabla.

Jumatano asubuhi kwenye kikao dada alitangaza kwamba sasa binti atahamia kwake, na kwamba chuoni, ambako nako wanaandikisha kwa kidole, atambonyezea yeye, mkono wa kulia bado upo. Jumatano hiyo hiyo jioni ofisi ilitukopesha vikombe vya msiba, na karani alipovuta droo ya kabati la chai atoe vijiko, akakuta vimetandikiwa bahasha ya hospitali, yenye muhuri wa tarehe 17 Aprili 2014, haijawahi kufunguliwa.

Juzi Alhamisi binti aliichukua barua ile kama ilivyo, ikiwa na jina la mama yake, akaenda nayo ofisi ya usajili ya chuo, akamwonyesha karani wa dirishani vidole vyake, karani akaisoma, akasema pole, akampiga picha ya uso, akampa kitambulisho. Ilichukua dakika nne.

Familia inamshukuru daktari wa ngozi kwa kuandika kwa ufupi na kwa lugha inayoeleweka, wauguzi waliomfumba macho, majirani waliotoa viti na maturubai, karani na mlinzi waliombeba, na mkuu wa utumishi kwa salamu zake, ambamo amemtaja marehemu kuwa mtumishi asiyekosa kazini. Mama mkubwa naye anashukuriwa kwa kusoma mpaka hapa, na kile chumba alichokipaka rangi kwa ajili ya binti akitafutie mpangaji.

Zilikuwa dakika nne tu, mama. Pumzika kwa amani.